Upande wa Mto

Siafu walikuwa wamefika gotini na Sekela hakuweza kujikung'uta. Alilala kifudifudi ndani ya matete, katika shamba lake mwenyewe, kama mwizi wa kuku. Tope lilinuka samaki waliooza, wale ambao mto uliwatapika mwezi wa nne na kuwasahau. Mbele yake kidogo, juu ya kiti cha kukunja kilicholetwa kutoka barazani, alikaa Jumbe Asukile, baba mkwe wake, akinusa ugoro.

Jumbe alikuwa amekikalia kigingi cha Sekela. Si kwa makalio, maana hilo lingeumiza heshima yake na sehemu nyinginezo. Alikuwa amekibana katikati ya magoti na kukitundikia kofia.

Vigingi vya namna hiyo, vipande vya miti vyenye kitambaa chekundu, vilitapakaa kando ya mto wote hadi pale unapomwagika Ziwa Nyasa. Vilipigwa na Mzungu aliyeletwa kutoka Mbeya kupima njia ya tuta la kuzuia mafuriko, baada ya tuta la zamani kukatika na kuondoka na mbuzi, maghala na ajuza mmoja aliyekataa kushuka kitandani. Watu walimwita Bwana Kamba kwa sababu ya mnyororo wake wa kupimia. Pale vigingi vilipopita ndipo tuta jipya lingepita. Waliobaki ndani wangelala pakavu. Waliobaki nje wangekuwa, kwa lugha ya serikali, "upande wa mto".

Vigingi vilikwenda vimenyooka kama wanafunzi wa bweni mbele ya mwalimu wa zamu. Vilipofika kwa Sekela vilipinda ghafla, vikapita nyuma ya nyumba yake kama mtu anayekwepa kinyesi njiani, halafu vikarudi mbio mtoni ili kulikumbatia shamba la mpunga la Jumbe. Siku vilipopigwa, Jumbe alitembea bega kwa bega na Bwana Kamba, akimwonyesha palipo na udongo mzuri.

Serikali haikuwa dhalimu, lakini. Ilitoa nafasi ya kulalamika. Karani Silvester, kijana wa Iringa mwenye soksi ndefu na mafuta mengi kichwani, alisimama barazani akatangaza kwamba asiyekubali mstari asimame kwenye kigingi chake siku Bwana atakapopita kukagua. Asimame mwenyewe, si jirani, si ndugu. Asiyesimama amekubali.

Ilikuwa sheria nzuri, nyepesi, na watu wote wangeweza kuitii isipokuwa mkwe. Kwa Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Mwanamke hamtazami mkwewe, hamtaji jina, akimwona njiani anaingia porini hata kama ana mzigo na mvua inanyesha. Tangu aolewe, Sekela alimjua Asukile kwa kikohozi na nyayo. Hata maiti ya mumewe Jailos iliporudi kutoka mgodi wa Chunya, alimlilia akiwa amegeukia migomba, kwa kuwa baba wa marehemu alikuwa uwanjani.

Baada ya matanga, Asukile alituma ujumbe kwamba Sekela arithiwe na Anania, mdogo wa marehemu, mtu mwenye wake watatu na kidonda kisichopona. Sekela akajibu kupitia kwa mashangazi kwamba hataki, atalima mpunga wake. Asukile hakujibu. Sasa alikuwa amejibu, kwa kiti.

Matete yalitikisika. Lusia, jirani yake, alirudi akitambaa.

"Ameondoka?" Sekela aliuliza.

"Anakula ndizi."

"Labda atakwenda kukojoa."

"Yule? Ataletewa chungu."

"Umemwona karani?"

"Nimemwona. Nikamwambia nasimama badala ya mwenzangu. Akaniuliza, mwenzako hana miguu? Nikasema anayo. Akasema basi ailete."

"Hukumweleza nani kakaa pale?"

"Nimemweleza, mama. Kacheka. Kasema kiti si kigingi, kila mtu ana ruhusa ya kukaa."

Sauti za wanaume zikasikika. Mbele alikuja mshika mwavuli, chini ya mwavuli Bwana Kamba, mwekundu kama nyanya za Ilula, shati limemganda mgongoni. Nyuma yake Silvester, kisha wabeba mnyororo, vijana wa pale pale kijijini.

"Shamba ya nani hii?"

"Ya ukoo, Bwana," Asukile alisema bila kuinuka. "Ya marehemu mwanangu."

"Iko mtu nakataa?"

Silvester alitazama kushoto na kulia kwa bidii ya mtu anayetafuta asichotaka kukiona. "Hakuna aliyesimama, Bwana."

"Wewe nakataa, Jumbe?"

"Mimi? Mimi nimepumzisha miguu tu, Bwana."

Bwana Kamba akatoa penseli, akailamba.

Sekela akainuka. Lusia alimshika kanga na kubaki nayo mkononi. Sekela alitoka kwenye matete na gauni lake la tope, kichwa wazi, siafu wakiwa bado wamemng'ang'ania mapajani, akasimama mbele ya kiti. Kwa mara ya kwanza aliuona uso wa baba wa mume wake. Ulikuwa uso wa kawaida, wenye ugoro puani.

"Nakataa," alisema.

Wabeba mnyororo waligeuka wote kwa pamoja, wakampa mgongo. Mmoja alitema mate. Asukile alivuta koti kichwani na kutoa mlio kama wa beberu anayehasiwa. Kiti kikaanguka, naye akaanguka nacho.

"Nakataa nini?" aliuliza Bwana Kamba.

"Mstari, Bwana. Nyumba yangu ile pale. Mwezi wa nne maji yalipita dirisha. Mkipitisha tuta nyuma yangu, yatakosa pa kwenda, yatasimama kwangu."

Bwana Kamba aliitazama nyumba ya mianzi, na alama ya tope ukutani, juu kidogo ya dirisha. Akautazama mto. Penseli ilisimama hewani, na kwa muda huo mfupi Sekela aliamini kwamba mtu mzima aliyesoma, akiona kitu kwa macho yake, atakiona.

"Karani," ilisema sauti ndani ya koti, "mweleze Bwana desturi."

Silvester alieleza kwa Kiingereza, kirefu, akionyesha koti, matete na kichwa cha Sekela. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Bwana Kamba ulivyozidi kuwa mpole, hata ukafanana na uso wa mtu aliyeingia kanisani akakuta ibada inaendelea. Akavua kofia.

"Ah. Desturi," alisema. "Mimi hapana ingilia. Serikali naheshimu desturi sana. Nani nasikiliza shauri ya desturi hapa?"

"Jumbe, Bwana," alijibu Silvester.

"Basi. Mama tapeleka shauri kwa Jumbe."

"Jumbe ndiye huyo ndani ya koti," alisema Sekela.

"Ndiyo," alisema Bwana Kamba kwa huruma. "Iko karibu."

Akaandika, akavaa kofia, akaendelea na kigingi kilichofuata.

Shauri lilisikilizwa Jumapili hiyo, Sekela akiwa ameketi nyuma ya nyumba ya baraza na mgongo ameupa ukuta, kwa heshima. Alipatikana na hatia ya kumwona Jumbe. Angemtakasa kwa ng'ombe, na alikuwa naye mmoja.

Tuta likainuka. Kijiji kizima kiliitwa kubeba udongo kwa vikapu, na asiyekuja alifungwa, kwa hiyo Sekela alikuja. Udongo ulichimbwa shambani kwake, maana kule kulikuwa upande wa mto, na upande wa mto si kwa mtu. Aliujaza kikapuni, akaujitwika, akaupandisha, akaumwaga nyuma ya nyumba yake. Alipochelewa, Anania alimkumbusha kwa fimbo kwamba kazi hii ni ya faida ya wote. Bwana Kamba alirudi mara moja, akalipiga tuta teke, akasema mzuri sana.

Ng'ombe alichinjwa siku mvua za kwanza zilipoanza kuwa kubwa. Walimchinjia ndani, pakavu, mashambani mwa Jumbe. Sekela alikaa mlangoni kwake akisikia kuni zikilia na watu wakicheka, lakini hakumwona yeyote; tuta lilikuwa limepita urefu wa paa. Desturi inataka mkosaji ale kipande cha nyama ya utakaso, ndipo shauri liishe, lakini haimruhusu kuonekana akila. Wazee walilijadili jambo hilo kwa makini. Kisha Anania akachagua pande la utumbo, lenye majani yake ndani, akalirusha juu ya tuta.

Liliangukia kwenye shimo la udongo, ambalo lilikuwa limejaa maji na kuanza kumwagikia uwanjani. Utumbo ukaelea, ukijizungusha polepole, ukaletwa na maji hadi miguuni pake.

Upande wa pili walinyamaza wote, wasikie kama anatafuna.