Sawa Kabisa na Wenzake

Mchora ramani mpya alipewa meza iliyokuwa chini ya feni, ubavuni mwa printa kubwa, mahali ambapo hata mwenye masikio mazima husikia nusu. Alishukuru. Alifuta vumbi, akapanga rula zake kwa urefu, akaketi na shingo yake ikiwa tayari kwa kazi.

Shingo ndiyo aliyoitegemea. Homa ya utotoni ilikuwa imemwachia sikio la kushoto kwa ajili ya urembo na la kulia kwa ajili ya kubahatisha. Kifaa cha kusaidia kusikia alikuwa nacho, ila kilikuza sauti ya feni kuliko ya binadamu, na zaidi ya hapo kilionekana. Kwa hiyo kilibaki nyumbani. Alikuwa kijana mwenye kiburi safi, kilichopigwa pasi, na alishaamua kwamba kutosikia ni jambo la faragha kama nguo ya ndani. Akiuona mdomo wa mtu alielewa karibu kila kitu. Asipouona, aliinamisha kichwa mara mbili, akatabasamu kidogo, akasema, "Sawa kabisa." Mbinu hiyo aliiona ya kitaalamu. Haukupita muda ofisi nzima ikawa inamwita Sawa Kabisa, naye aliposoma jina hilo kwenye midomo yao, alidhani wanamsifu.

Bosi hakuwa na mdomo wa kusomwa. Alikuwa mhandisi mwenye masharubu yaliyoshuka kama pazia, na alipenda kutoa maagizo akiwa amesimama dirishani, amewapa watu mgongo, huku akilichunga gari lake lililoegeshwa chini. Kipindi cha majaribio kilikuwa mikononi mwake. Kikiisha, angemthibitisha Sawa Kabisa kazini, au angemrudisha kwa mama yake, ambaye alikuwa ameshawatangazia majirani.

Siku moja bosi aliliambia dirisha kwamba kesho asubuhi Sawa Kabisa aende saiti akapime msingi. Kisha akaliambia kwamba asubuhi hiyohiyo abaki mezani amalize ramani ya ghorofa. Akauliza kama itawezekana.

"Sawa kabisa, bosi."

Kesho yake alifika kazini akajikuta mlangoni, amevaa buti na kofia ngumu, na papo hapo ameketi mezani na penseli nyuma ya sikio. Wa mezani alisimama kumsalimia wa mlangoni. Walipeana mikono, na viganja vyote viwili vilikuwa na jasho lilelile. Wa buti akachukua utepe wa kupimia, akaenda saiti, akaupima msingi vizuri.

Sekretari wa bosi alikuwa mama wa makamo ambaye alimgeukia kila mtu aliyeongea naye. Hakufanya hivyo kwa ajili ya yeyote; ndivyo alivyolelewa.

"Naona mko wawili," alisema jioni.

"Ndiyo, mama."

"Chai ya ofisi ni kikombe kimoja kwa kila ajira. Mtagawana."

Wa tatu alikuja na glavu za kudakia. Inaonekana mahali fulani kwenye ngazi, akiwa amebeba makaratasi, Sawa Kabisa alikubali kuwa golikipa wa timu ya ofisi. Wa nne alikuja na godoro kichwani, la mhasibu, aliyekuwa anahama nyumba na ambaye alishukuru sana kupata mtu wa kujitolea. Bosi aliwaona wote wanne asubuhi moja, wakiwa wamejibana kwenye meza moja, akaliambia dirisha kwamba viti havitoshi.

Nyumbani, mama yake aligonga meza kwa kiganja, kama alivyofanya tangu mwanawe alipougua, akangoja wamtazame.

"Leo mmekuja wangapi?"

"Wanne, mama."

"Mngesema mapema. Nimepika ya watu watatu."

Dada yake mdogo aliwakagua mmoja mmoja. "Kaka, katika hawa hakuna hata mmoja anayesikia?"

Swali hilo lilimchoma, kwa sababu ndilo alilokuwa akijiuliza kwa siri tangu aje yule wa buti. Kama mtu ataongezwa, si haki aongezwe na masikio? Dada hakungoja jibu. Alichukua sufuria na mwiko, akasimama nyuma yao, akagonga kwa nguvu zake zote. Jirani alizima redio kusikiliza. Wao wanne waliendelea kula.

"Walewale," dada alisema, akirudi mbele yao ili wamwone. "Wewe hata ukijaliwa akiba, unajaliwa mbovu."

Wanne hao walicheka. Wao kwa wao walielewana vizuri, kwa kuwa kila mmoja alijua kumtazama mwenzake usoni, na utani wa dada yao walikuwa wameuzoea wote kwa miaka ileile.

Siku ya kikao cha ofisi, wa kwanza alichelewa kwa sababu ya foleni ya msalani. Alipofungua mlango alimkuta bosi dirishani, na mbele yake wenzake watatu wameketi safu moja, wakiinamisha vichwa. Mara mbili, tabasamu dogo. Mara mbili, tabasamu dogo. Hakuwahi kujiona kwa nje. Siku zote alidhani kuitikia kwake ni kwa mtaalamu anayetafakari. Kumbe alikuwa mjusi juu ya ukuta, anayekubaliana na jua.

Aliona aibu. Baadaye aliona hasira, na hasira ilimkaa vizuri zaidi.

"Nitamwambia," aliwaambia wenzake wakiwa kwenye ngazi. "Sentensi moja tu. Bosi, sisikii vizuri, ukiongea nigeukie."

"Ngoja kwanza tuthibitishwe," golikipa alisema. "Unataka kufungwa dakika za mwisho?"

"Wewe unafungwa kila dakika," alisema wa buti. "Juzi saiti, kumbe walikuwa wananipigia kelele nisogee. Tofali lilipita hapa." Alionyesha bega, kisha sikio la kulia, lile la kubahatisha. "Niliitikia, halafu nikabaki palepale. Mnataka siku moja nithibitishwe na tofali?"

Wa godoro alikuwa akijikanda shingo. Mhasibu alikuwa na makochi pia.

Waliingia kwa bosi wote wanne. Sekretari alikuwa humo, anasubiri sahihi. Bosi alikuwa mahali pake, mikono nyuma, masharubu yamekaribia kioo. Sawa Kabisa alisimama mbele ya wenzake, akavuta pumzi, akaitoa ile sentensi yote bila kuipunguza neno. Alikuwa ameifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni kwa sauti ambayo yeye aliiona ya chini, na ambayo nyumba ya tatu waliifahamu kwa moyo.

Mgongo wa bosi ulitikisika kidogo. Kioo cha dirisha kikaingia ukungu, kikatoka.

"Sijasikia, bosi," alisema Sawa Kabisa.

Neno hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu mwenye cheo. Lilimtoka jepesi, akashangaa muda wote alikuwa analibeba la nini.

Bosi alirudia kwa sauti kubwa zaidi, akiliambia dirisha lilelile. Kule chini barabarani watu wawili watatu waliinua vichwa. Mlinzi wa maegesho alipiga saluti. Nyuma ya Sawa Kabisa vichwa vitatu viliinama mara mbili, na yeye alipoikumbuka shingo yake mwenyewe, ilikuwa imeshakwenda na kurudi.

Nje ya mlango, sekretari aliwageukia.

"Amesema hawezi kumfanyia mtu mmoja mambo ya peke yake. Watu wakianza kugeukiana, kazi itafanyika saa ngapi? Viti vitatu ameshaagiza, na glavu mpya zinakuja, na wa saiti ataongezewa buti. Zaidi ya hapo hana uwezo."

"Halafu?"

"Halafu akauliza kama mmeelewa."

"Tukasemaje?"

"Mmeitikia, mwanangu," alisema yule mama. "Wote."

Wa tano alikuwa ameshafika kwenye korido. Hakuwa na buti, wala glavu, wala mzigo wowote. Shati lake lilikuwa limenyooka na paji la uso wake halikuwa na mkunjo hata mmoja. Aliwasalimia kwa upole, akapita katikati yao, akaketi kwenye meza ya chini ya feni. Bosi alipotoka kwenda kwenye gari lake, alisema kitu huku akitafuta funguo mfukoni, na wa tano akaitikia vizuri sana, bila jasho, kama mtu anayekunywa maji.

Huyo ndiye aliyethibitishwa. Bosi alitangaza kikaoni, na dirisha likawa la kwanza kupata habari. Wengine hawakufukuzwa, maana kazi zilikuwepo na walikuwa wamezikubali. Sawa Kabisa wa kwanza alihamia upande wa pili wa printa, akaendelea kuchora ghorofa. Wa buti alirudi saiti, akawa anatembea huku ameinua macho juu.

Jioni waliingia nyumbani watano. Mama alimwona yule mgeni katikati yao, akapiga meza kwa kiganja.

"Na huyu je, anasikia?"

"Hasikii, mama," alisema Sawa Kabisa. "Huyu ameelewa."

Mama alimtazama. Kabla hajamwambia neno, wa tano alimtabasamia na kuinamisha kichwa mara mbili. Mama aliendelea kumtazama kidogo. Kisha alikwenda sebuleni, akaleta kiti kile kizuri cha wageni, akakifuta kwa kanga yake, akamwambia, kwa heshima zote anazopewa mtu asiye wa nyumba hiyo, "Karibu, baba. Jisikie uko nyumbani."