Mahari ya Baiskeli

Mhina alipomaliza kubishana bei, koo lilikuwa limemkauka lakini moyo unacheza ngoma. Tangu asubuhi alimbana Bwana Rehani mbele ya gulio zima la Korogwe, mpaka bei ikashuka, mikono ikashikwa, na rupia zikatumbukia kwenye bweta la mwenye duka. Baiskeli ilikuwa yake. Ilisimama mlangoni, nyeusi, inang'aa mafuta, kama iliyoteremka sasa hivi kutoka kwenye treni ya Tanga.

Naye aliihitaji kweli. Kule Handeni, mnunuzi wa nta aitwaye Filemoni alikuwa akitafuta mtu wa kupeleka barua zake stesheni ya Korogwe na kurudi na majibu. "Jumatatu asubuhi njoo na baiskeli yako mwenyewe," alimwambia, "kazi ni yako. Usipokuja, nampa Sadala." Mhina alikuwa amebeba mizigo ya watu kichwani tangu ndevu hazijaota. Hakutaka kuurudia upagazi, na zaidi ya hapo hakutaka kumwona Sadala akimpita njiani na kumtimulia vumbi. Na leo ilikuwa Jumamosi.

Akaushika usukani. Rehani akakishika kiti.

"Taratibu, kijana. Bado pesa ya kufungulia kasha."

"Kasha gani?"

"Ilikuja ndani ya kasha. Lilijifungua lenyewe? Halafu kuna ya kengele, na ya pampu. Na ya hewa."

"Hewa!"

"Iliyomo kwenye mipira. Nimeijaza kwa mikono yangu hii."

Watu wakacheka. Damu ikampanda Mhina kichwani. Alikuwa amebakiwa na pesa ya kununulia mihogo ya njiani tu. "Mzee Rehani, huu ni wizi wa mchana kweupe! Nirudishie rupia zangu, ama sivyo..."

Shangazi yake, Mwantumu, akamvuta kanzu. Walitoka wote Chanika ya Handeni, yeye akija kununua kaniki. Shangazi huyo alikuwa mshenga, na kule Handeni hapakuwa na posa ya maana iliyopita bila mdomo wake.

Rehani, aliyependa mzaha kuliko chakula, akazidi kuchochea. "Usikasirike, mwanangu. Ulichotoa ni mahari tu. Ada bado. Kwani hujui kuoa?"

Hapo ndipo alipokosea. Angetaja ushuru, angetaja nauli ya reli, Mwantumu angenyamaza. Lakini alitaja posa. Mama yule akakaa kitako kwenye kizingiti, katikati ya mlango, akanyoosha miguu.

"Umesema mahari, mzee mwenzangu?"

"Nimesema."

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia!" wakaitika akina mama wauza ndizi, wakaacha ndizi zao na kusogea.

"Basi sisi ni wakwe, tuzungumze kikwe. Hiyo ya kasha ndiyo kifungua mlango. Mlango tumeukuta wazi, na binti yako amesimama nje anatazama wanaume!"

Gulio likalipuka kwa kicheko.

"Kengele na pampu ni vyombo vya binti. Tangu lini bwana harusi akauziwa sufuria za mkewe? Kwetu Uzigua binti hutoka na vyombo vyake. Kwenu hutoka mikono mitupu?"

Rehani akajikuna shingo. "Na hewa je?"

"Hiyo tuiite mkaja, fungu la mama. Mama yake ni nani?"

"Mimi!" sauti ikatoka nyuma ya duka. Alikuwa Mashavu, mke wa Rehani, mikono imejaa unga. "Huyo alijaza hewa mara moja akalala chini anahema. Kila siku ya Mungu ni mimi na kitambaa cha mafuta. Mkaja wangu nimeusamehe, mchukueni, nimechoka kumfuta!"

"Mashavu! Unanibomolea duka?"

"Naozesha binti, baba."

"Na kilemba changu?" Rehani akalia. "Baba sina haki?"

"Haki unayo," akasema Mwantumu. Akaikunjua kaniki yake mpya, akainuka, akamzungushia kichwani mpaka masikio yakapotea. Rehani alijaribu kukunja uso. Uso ukakataa, akacheka mpaka machozi.

Hasira ya Mhina ilikuwa imegeuka wimbo. Akapaza sauti:

"Bibi arusi wa chuma, miguu yake duara,
Toa mwana kwa huruma, usitutie hasara!"

Vigelegele vikapasua anga. Wimbo ukadakwa, ukarudiwa, hata mpiga filimbi wa stesheni akachungulia.

"Nimeshindwa," akasema Rehani. "Haya mkwe, ondoka na mkeo tukuone."

Baiskeli nzima Mhina alikuwa ameikagua, kipande kwa kipande. Lakini hakuwahi kuendesha hata moja maishani, na kiburi kilimkataza kusema. Akapanda hivyo hivyo. Baiskeli ikaenda mrama, ikaingia kwenye ndizi, bwana harusi akawa chini ya mikungu.

"Ahaa!" Rehani akaruka. "Sasa kuna ada ya kufundisha!"

"Wa kufundisha ni kungwi," akasema Mwantumu bila kugeuka, "na kungwi hutoka upande wa binti."

Basi jioni ile Korogwe ilimwona Bwana Rehani, kilemba cha kaniki kichwani, akikimbia nyuma ya baiskeli huku ameshika kiti.

"Tazama mbele! Gurudumu halikimbii!"

"Usiniachie, mzee!"

"Nyamaza, kanyaga!"

Walianguka, wakainuka, wakaanguka tena, mpaka karibu na mto, Mhina akaita na hakujibiwa. Rehani alikuwa ameketi mbali kule nyuma, anajipepea kwa ncha ya kilemba.

Jumatatu asubuhi Filemoni alimkuta Mhina mlangoni, magoti yamechubuka, kanzu imechanika.

"Umepatwa na nini wewe?"

"Nimeoa, bwana," akajibu Mhina. Akautia mkoba wa barua begani, akashika njia ya ukweni.