Sweta la Kapsabet

Jebet alikuwa amesimama ndani ya beseni, maji yamemfika magotini, akipiga makofi ya povu, Dama alipohisi kiganjani kitu ambacho siku chache nyuma hakikuwepo. Kifua cha mtoto kilikuwa kimevimba, upande huu na upande ule, uvimbe mdogo mgumu kama kunde chini ya ngozi. Akaugusa tena. Mtoto akaguna, akamsukuma mkono na kuendelea na makofi yake. Hata miaka miwili huyu hajatimiza, Dama alijiambia.

Mtoto hakuwa wake. Alikuwa wa Fancy, mpangaji wa mlango wa pili katika nyumba ile ya Bombolulu, mwanamke wa Kapsabet aliyeletwa Mombasa na kazi ya kufua mashuka hotelini Nyali. Fancy alitoka asubuhi na kurudi jioni, na katikati hapo Jebet alikuwa wa Dama. Dama alitunga shanga chumbani mwake kwa ajili ya wauza vinyago, kazi isiyomtaka aende popote, na kwa hiyo malezi yalimwangukia bila kikao. Jebet alipoanza kusema alimwita Awe. Alikuwa akilijaribu neno hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama, lugha ya Dama, na Fancy hakumsahihisha.

Watu hudhani mpweke ni mtu asiye na wa kuzungumza naye. Dama angewacheka. Wa kuzungumza naye alikuwa nao tele. Kafedha wa duka la vipodozi peke yake angetosha mtaa mzima. Mumewe alikuwa amehamia Mtwapa kwa mke mwingine, bila ugomvi, kama mtu anayebadilisha kiti. Mwanawe Kai alikuwa Doha, na alipiga simu kila Jumapili. Alichokikosa Dama ni kuguswa. Mchungaji alimpa mkono mlangoni mwa kanisa, basi, imetoka hiyo mpaka Jumapili nyingine. Ni Jebet tu aliyemlalia kifuani, aliyemvuta masikio kana kwamba ni mali yake.

Na mwili wenyewe ulikuwa umeanza kumgeuka. Hedhi ilikoma. Joto likawa linampanda ghafla kutoka tumboni hadi utosini, awe kanisani, awe dukani, hata akiwa ameketi kimya na sindano yake. Ngozi ilikauka ikawa inamwasha, na kwenye kioo akaanza kumwona mama yake, na mama yake, Mungu amrehemu, hakuwa mzuri. Hapo ndipo Kafedha alipomtolea kopo jeupe lisilo na karatasi wala jina. Si mkorogo huu, alimhakikishia, haumchubui mtu. Ni krimu ya wanawake wa umri wao, inarudisha ulaini na kulizima lile joto. Apake asubuhi baada ya kuoga, mikononi, shingoni na kifuani, na asiwe bahili.

Dama hakuwa bahili. Na krimu ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Joto lilipoa, usingizi ukarudi, ngozi ikalainika mpaka akawa anajipapasa mikono bila kujua. Kisha, miezi michache baadaye, damu ikarudi. Mwanamke mwingine angeshtuka. Dama alikwenda kununua sodo katika duka la mbali, ambako hawamjui, akarudi nyumbani akitabasamu peke yake kama msichana aliyesifiwa njiani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na aliona amerudishiwa kitu alichonyang'anywa. Hakumwambia mtu.

Jioni ya siku ile ya beseni alimwonyesha Fancy uvimbe. Kesho yake Fancy aliomba ruhusa kazini, wakaenda zahanati, Jebet akiwa mgongoni mwa Dama ndani ya leso. Muuguzi alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alimpima mtoto polepole, akauliza anakula nini, anakunywa maziwa gani. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mtu anayemeza vidonge vya kupanga uzazi, au anayepaka krimu yenye homoni. Fancy akasema yeye hana hata mafuta ya maana.

"Na anayeshinda naye?" muuguzi aliuliza.

Dama alijua. Pale pale, kabla swali halijatulia, alijiona chumbani mwake asubuhi, leso imefungwa kifuani, mabega na mikono wazi inang'aa, na Jebet asiye na nguo ila nepi amemlalia mpaka usingizi unamchukua. Joto la Mombasa halikuwaruhusu kuvaa zaidi ya hapo. Akaona pia, kwa uwazi uleule, mikono ikinyooshwa kumpokea mtoto na kuondoka naye.

"Mimi?" alisema. "Mimi ni mzee, mwanangu. Nijipake nini, na kwa ajili ya nani?"

Wote watatu wakacheka kidogo. Muuguzi akaandika barua ya kwenda hospitali kubwa, mtoto apigwe picha za tumbo na kichwa, ionekane kama kuna kitu ndani kinachotoa homoni.

Walitembea mpaka karibu na nyumbani. Ndipo Fancy aliposimama katikati ya njia, watu wakawa wanawapita huku na huku.

"Kitu ndani ni kitu gani, Mama Kai? Ni saratani?"

Dama alisema hapana, haiwezi kuwa, na sauti yake mwenyewe ilimchukiza. Alipompa mtoto uji alikwenda moja kwa moja dukani kwa Kafedha kuuliza krimu ile ina nini. Kafedha hakujua. Yeye huipata kwa mwanamke fulani, naye huipata kwa mwingine, na kama ingekuwa mbaya wateja wasingerudi. Halafu akamtazama Dama usoni na kumwambia amependeza siku hizi. Sifa hiyo, ambayo mwezi uliopita ingemfurahisha wiki nzima, ilimwingia kama uchungu wa jino.

Alimkuta Fancy uani akianika nguo, Jebet ameketi chini na kibanio mdomoni. Dama alikuwa amepanga maneno mengi. Yote yalimkimbia.

"Mama Jebet, mtoto hana kitu ndani. Kitu ni mimi."

Akamweleza kuhusu kopo. Fancy alisikiliza, nguo mbichi mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

"Ulimdanganya muuguzi," alisema hatimaye.

"Nilimdanganya."

"Na mimi nimesimama hapo."

"Na wewe umesimama hapo."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utamchukua."

Fancy aliinama, akamtoa mtoto kibanio mdomoni, akampakata. "Basi namchukua," alisema, akaingia ndani.

Dama alirudi zahanati peke yake, kopo ndani ya mkoba. Muuguzi hakumkaripia, na ingekuwa nafuu kama angemkaripia. Alisema uvimbe wa mtoto huenda ukanywea wenyewe, maadamu ile krimu haimgusi tena, na kwamba atampigia mama yake simu. Kisha akamuuliza Dama kuhusu yeye. Damu inayorudi baada ya kukoma, alisema, isichukuliwe kuwa ujana; lazima kizazi kitazamwe, upesi. Hospitalini walimlaza kitandani, wakachukua kipande kidogo cha nyama ya kizazi, wakamwambia majibu yatachukua muda. Daktari alimuuliza amekuja na nani. Dama akautazama mkoba wake juu ya kiti.

Bila krimu joto lilirudi, tena kwa hasira. Jebet akawa anapelekwa kwa mama mmoja barabarani anayelea watoto wengi. Asubuhi Dama aliwasikia wakipita mlangoni, mtoto akiita Awe, Awe, na sauti ikipungua kadiri walivyoelekea barabarani. Dama alibaki kitini, mikono ameikalia. Shanga alizotunga siku zile zilikuwa mbovu. Alizifumua, akazitunga upya, akazifumua tena. Jumapili Kai alipopiga simu alimwambia yuko salama, asitaje majibu aliyokuwa bado akiyangoja, na Kai akaridhika.

Jumapili moja ya Januari, mabati yakialika kwa jua, mlango uligongwa. Fancy alikuwa amesimama nje, mtoto kiunoni, mfuko wa plastiki mkononi. Hakuketi. Alisema uvimbe umeanza kunywea, na zile picha hazihitajiki tena kwa sasa. Alisema muuguzi amemwambia bila krimu hakuna hatari.

"Ameniambia mara mbili," alisema. "Lakini mimi bado naogopa, Mama Kai."

"Una haki, mwanangu."

Fancy akatoa kitu mfukoni. Lilikuwa sweta la sufu, zito, la kijivu, la vifungo, lililofumwa na mama yake, la kuvaliwa alfajiri Kapsabet mtu anapokwenda kukama ng'ombe. Mikono yake ilikuwa mirefu kupita viganja na kola yake ilifika kidevuni. Lilikuwa bado linanuka moshi wa kuni.

"Vaa hili," alisema.

Dama alilivaa juu ya gauni lake, akaliteremsha mpaka mapajani, akakaa kitini. Fancy akamweka mtoto mapajani pake, taratibu, kama mtu anayeweka kitu anachoweza kukihitaji tena mara moja. Jebet aliikagua sufu, akaivuta, akaikunjia uso. Kisha akatafuta mahali pake pa zamani na kuegemeza kichwa.

Joto lilianza tumboni, kama kawaida yake, likapanda. Jasho lilimtoka Dama kwenye paji la uso, likamwingia machoni, likamtiririka mgongoni ndani ya sufu. Hakutikisika. Fancy alimtazama, akasogea, akanyoosha mikono.

"Unaungua," alisema. "Nimpokee?"

"Mwache kidogo," Dama alisema, na akafunga kifungo cha juu.