Kiwanja Kisichokuwa na Mashahidi

Nimeuza ndagala, dagaa wa ziwani, mjini Baraka miaka tisa, na muda wote huo nilitaka kitu kimoja tu: kiwanja cha kujengea vyumba viwili vya kupangisha, niache kuwahi mitumbwi kila alfajiri. Jacques alipotaka kuuza chake, kando ya njia ya Kazimia, akiba yangu ilitosha kwa shida. Akaniambia niandae wali na kreti ya bia, niite majirani wawe mashahidi, kama kila mnunuzi anavyofanya.

Ubishi wangu ndio ulioniponza. Mimi mlokole, bia sinunui. Na hata wali na soda niliona ni kulisha wavivu.

"Karatasi iko, inatosha," nilimwambia. "Bale majirani banakuyaka kula tu."

Tukaandikiana wawili, nikaenda zangu nikijiona mjanja.

Miezi mitatu baadaye nilikuta mtu amepanga mawe ya msingi pale. Vainqueur, mwenye pikipiki za kubeba abiria, alikuwa ameuziwa kiwanja hicho hicho, na Jacques alikwisha kuvuka ziwa na pesa zetu sote. Tukafika kwa shefu, mkuu wa mtaa. Vainqueur alikuja na mashahidi saba, wote walikula wali wake. Mimi nilikuja na karatasi yangu. Nilimtegemea Mama Gentille, jirani wa kiwanja, maana siku ile alikuwa akifagia uwanja wake hatua kumi tu kutoka tulipokaa na Jacques.

"Uliona nini?" shefu akamuuliza.

"Niliona bantu babili banaandika. Banaandika nini, mi sikuyua. Hakuna mwenye aliniita."

Hakudanganya. Nilimkasirikia hata hivyo, kisha nikajikasirikia mwenyewe zaidi.

Kwa kuwa tarehe yangu ilitangulia lakini shahidi sikuwa naye, shefu alikigawa kiwanja katikati. Nikabaki na nusu, yaani chumba kimoja. Nililia mbele ya watu, sifichi.

Jumamosi iliyofuata niliita majirani wote. Nikapika wali na ndagala, nikanunua soda, na karatasi mpya ikasomwa kwa sauti, mpaka kwa mpaka. Mama Gentille alikula polepole, akanawa mikono, akatia sahihi.

"Sasa mi niko mushahidi," akaniambia. "Lakini Mama Émilienne, ile siku ungeniita tu, ningekuya. Hata mayi ya kunywa ingetosha."