Kilo Thelathini na Nne za Mbuzi Wangu

Mradi wa mifugo ulimtuma Oliver sokoni Ogwedhi kuwapa mbuzi wetu dawa ya minyoo, naye mizani akaisahau ofisini. Viti vya wageni waheshimiwa havikusahauliwa.

"Hakuna shida, mama," aliniambia, akitoa futi ya fundi cherehani. "Mnyama ni maumbo tu. Tumbo ni silinda. Shingo, silinda ndogo. Kichwa, koni. Miguu, silinda nne. Lita moja ya mwili ni kilo moja."

"Na masikio?"

"Hayo ni kama karatasi. Tunaacha."

Sikio la mbuzi, karatasi! Kuna watu wamesoma mpaka wakapitiliza. Ila hakuna aliyemfundisha kwamba siku ya soko, kabla jua halijatoka, sisi wauzaji huwalambisha mbuzi chumvi, kisha tunawawekea maji. Mbuzi hunywa mpaka tumbo linakuwa ngoma, na mnunuzi humwona amenona. Hata mimi Trizah, ninayeongoza sala za akina mama kanisani, nilikuwa nimemlambisha wangu. Juzi kwenye mizani ya duka la mahindi alikuwa kilo kumi na tisa.

Oliver alizungusha futi palepale tumbo lilipovimba zaidi, akabofya simu, akatangaza kama anayesoma matokeo ya uchaguzi: "Kilo thelathini na nne!" Akavuta dawa ya kilo hizo kwenye bomba la kunyweshea. Dawa yenyewe ni kali, ikizidi inaua. Hilo alikuwa amelisema mwenyewe asubuhi kwa kipaza sauti.

Nyamhanga, mnunuzi kutoka upande wa Isebania, alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwetu. Tulishakubaliana bei, alikuwa anangoja mbuzi ameze dawa aondoke naye. Nikisema, nimemkosa mnunuzi. Nikinyamaza, nimemuua mbuzi niliyemlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Niliona uchungu, na hasira zote nikamwekea Oliver, maana kumkasirikia mwenye futi ni rahisi kuliko kujikasirikia.

Bomba lilipogusa mdomo nikapiga kelele: "Toa! Tumbo hilo ni maji na chumvi! Huyu ni kilo kumi na tisa!"

Oliver akatazama simu yake. "Lakini mama, fomula imesema..."

Nyamhanga alicheka mpaka akafuta macho. "Mama, hii chumvi nani hajui? Mimi huwa nayapunguza hayo maji kwa macho. Lakini sasa umesema mbele ya watu. Nikimnunua, wataniita mjinga." Akaenda zake.

Cephas, tunayeuza naye bega kwa bega, akaninong'oneza kwa ukali, akiniita binti wa Kadem kwa Kijaluo: "Nyar Kadem, unataka tulale njaa?" Beberu wake alikuwa amevimba kuliko wangu.

"Na huyu wako, mzee?" Oliver akamuuliza. "Amelamba chumvi?"

Wanunuzi watatu wakageuka kumtazama.

"Wangu? Huyu ni nyama tupu."

Futi ikazunguka. Kilo arobaini na moja. Cephas mwenyewe ndiye aliyempanua beberu mdomo, huku akitabasamu meno yote nje.

Kufika saa sita beberu alikuwa amelala ubavu, povu limemjaa mdomoni, na silinda zote nne zimekakamaa. Oliver alipiga magoti, akampima tena kwa futi, kisha akaandika kwenye fomu sababu ya kifo: minyoo.

Cephas akatia sahihi.