Vidukari wa Bondeni

Kama kuna kitu Yuliana alikikumbuka cha Mgeta kuliko hata ukungu wake, ni Jumamosi za vidukari. Hao wadudu wadogo weusi hujibandika chini ya majani ya maharage na kufyonza utomvu, lakini kule mlimani baridi iliwatia uvivu hata wa kuzaa. Ukiwaponda kwa vidole Jumamosi hii, ijayo unawakuta wachache tu. Basi yeye na mama yake, Martina, waliinama tuta kwa tuta wakipiga soga, na hakuna aliyetaka kazi iishe.

Mwaka wa Operesheni Vijiji, Yuliana na mumewe Ernest walihamia kijiji cha ujamaa bondeni, njia ya Gairo. Martina akabaki peke yake na kifua chake kibovu. Kila akiitwa alijibu kwamba mama mkwe hakai akila bure kwa mkwewe. Mwishowe alikubali kuja kutazama tu, kwa siku mbili. Yuliana akapanda maharage ya mbegu ya kwao, mama ayaone, moyo umlegee, abaki.

Jumatatu moja akaona vidukari wachache. Akatabasamu, akawangojea Jumamosi yao. Kumbe joto la bondeni halina subira: kidukari huzaa watoto hai, na kwenye joto lile mtoto hamalizi wiki kabla naye hajawa mama, tena wa wengi. Ilipofika Jumamosi majani yalikuwa yamejikunja, yananata, nusu ya shamba imekwisha. Siku hiyohiyo Martina akashuka, furushi kichwani.

"Shikamoo, mama," Yuliana alisema, machozi yakimtoka.

"Marahaba. Ulisubiri Jumamosi?"

"Ndivyo ulivyonifunza."

"Nilikufunza kwenye baridi, mwanangu." Martina alikuwa ameshainamia tuta lililosalimika. "Hawa wa huku wanataka mkono kila asubuhi. Peke yako utawaweza?"

Yuliana akainama kando yake. Aliogopa jibu lake lisije likawa kumbembeleza mtu aliyekwisha kukataa.

Kesho yake, baada ya misa, waliponda pamoja, na soga za Mgeta zikarudi zenyewe. Jumatatu asubuhi Yuliana aliamka moyo mzito, akijua ni siku ya kuagana. Alimkuta mama uani, kanga imekazwa kiunoni, amemsimamia Ernest.

"Mkwe, mgeni siku mbili," alikuwa akisema. "Leo ya tatu. Jembe langu liko wapi?"