Kizingiti cha Hakimu

Mhudumu wa chai aliingia studioni kabla ya kipindi cha asubuhi, akaweka kikombe mbele ya Ngurumo, mtangazaji mkuu, akalipokea koti lake na kulitundika begani kwa mtangazaji msaidizi. Hakufanya kwa dharau. Alidhani ni mgongo wa kiti, na huwezi kumlaumu, maana siku hizo mtangazaji msaidizi alikuwa amefifia kiasi kwamba ukimtazama kifuani ungesoma bila shida tangazo la "Marufuku Kula Humu" lililobandikwa ukutani nyuma yake.

"Asante," alisema mtangazaji msaidizi.

Mhudumu aliitazama feni, akatoka.

Nyuma ya kioo, Fundi wa mitambo aliona yote akang'ata midomo. Mtangazaji msaidizi alikuwa wifi yake, dada wa mumewe. Kumsema wifi ni haki yake Fundi, aliipata siku ya ndoa. Lakini kumtundikia wifi koti la mtu mwingine, hilo halikuwemo kwenye makubaliano.

Nyumbani walishazoea. Mume wa Fundi alimshauri dada yake avae rangi kali asije akakaliwa. Fundi alimtania tu.

"Wifi, wewe raha yako. Ukipita mbele ya televisheni hutuzibii."

"Na wewe unavyonenepa, umechukua kilo zangu."

Utani ulikuwepo, ila wiki ile haukunoga. Mkurugenzi alikuwa ametangaza kikaoni kwamba Ijumaa, kipindi kikiisha, kiti cha pili kitatolewa studioni kwa sababu kimekaa bure muda mrefu, na mahali pake pawekwe chungu cha maua. Wifi alikuwa amekalia kiti hicho wakati kikijadiliwa. Alinyoosha mkono. Mkurugenzi akaomba mtu afunge dirisha, upepo unapeperusha karatasi. Bila kiti hakuna maikrofoni, na bila maikrofoni Fundi alijua ni kipi kingebaki kwa wifi yake: nguo za rangi kali.

Ngurumo kwa upande wake alikuwa akizidi kukua. Mlango wa studio ulishapanuliwa mara mbili, na seremala hakuhangaika tena kuondoa vifaa vyake.

Chanzo cha yote kilikuwa Hakimu. Hakimu ni jina walilolipa sanduku la kusawazisha sauti. Anayepaza sauti, Hakimu humshusha. Anayenong'ona, humpandisha, ili msikilizaji asishinde akihangaika na redio yake. Ni kazi ya haki kabisa. Isipokuwa siku sanduku lilipofungwa, aliyeitwa kulijaribu alikuwa Ngurumo peke yake. Alisema "moja, mbili," akacheka, akaenda kunywa chai, na Hakimu akapimwa kwa sauti ya kifua kile. Tangu hapo Ngurumo akicheka, Hakimu alishusha kila kitu, kisha akakawia kupandisha tena, kama mzee anayetafuta miwani iliyo usoni kwake. Zaidi ya hapo, alikuwa na kizingiti: sauti yoyote iliyokuwa chini ya kizingiti hicho ilihesabiwa kuwa ni feni, na feni haipandishwi.

Wifi alikuwa chini ya kizingiti.

Na Ngurumo alikuwa na mtindo wake. Akimaliza hoja husema, "Au siyo, mwenzangu?" halafu anaangua kicheko. Wifi alijibu kila mara, tena majibu ya maana. Yote yalitumbukia kwenye shimo la kicheko, na Hakimu alipoipata miwani, Ngurumo alikuwa ameshaanza hoja nyingine.

Fundi aliomba ruhusa ya kurekebisha.

"Hakimu haguswi," alisema Mkurugenzi. "Ngurumo ameshamzoea."

"Na wifi yangu?"

"Nani?"

Basi Ijumaa Fundi hakuomba. Mhudumu wa chai alikuwa ameshalitundika koti begani palepale, sasa yuko mlangoni, amekunja mikono ya shati kwa ajili ya kiti. Hewani, msikilizaji mmoja alikuwa ameuliza afanye nini na mume anayemkatiza maneno.

"Mama, mbembeleze, wanaume ndivyo tulivyo," alisema Ngurumo. "Au siyo, mwenzangu?" Akacheka.

Fundi alipunguza muda wa Hakimu kusubiri. Kisha akashusha kizingiti, taratibu, kama mtu anayeteremsha mtoto aliyelala. Feni ikaingia hewani kama ndege inayotua. Tumbo la Mkurugenzi likasikika kutoka kwenye korido, likaenda mpaka kwenye saluni na jikoni kwa watu. Fundi aliinuka, akaingia studioni, akazima feni.

"Siyo," alisema wifi hewani.

Taa za Hakimu zilipanda.

"Siyo hata kidogo. Akikukatiza, malizia sentensi yako. Akilala kabla hujamaliza, mwamshe. Na ile ya juzi, mwenzangu, ilikuwa siyo. Na ile ya wakwe, siyo. Na ile ya mwaka juzi kuhusu wanawake na usukani, siyo mara mbili."

Midomo yake ilirudi kwanza, halafu mashavu, halafu bangili, zikaanza kulia. Tangazo la marufuku likazibwa, na hadi leo watu hula studioni. Ngurumo alipaza sauti. Hakimu akamshusha palepale, na kila aliposhushwa alipungua, mpaka miguu yake ikaning'inia kwenye kiti. Alijifuta jasho.

"Mwenzangu, leo umechangamka."

"Nimechangamka tangu siku ya kwanza. Shika koti lako."

Simu zilimiminika. "Huyo dada mpya ni nani?" aliuliza kinyozi mmoja.

"Mpya?" alisema wifi. "Baba, hiki kiti nimekikalia mpaka kimechukua umbo langu."

Nyuma ya kioo Fundi alipiga kigelegele, kikaingia hewani, maana kizingiti kilikuwa bado chini. Mhudumu wa chai alifika kwenye kiti, akakuta kina mtu, akashusha mikono ya shati.

"Dada, nikuletee chai?"

"Sukari kidogo tu."

Kikaoni Mkurugenzi alimpongeza Ngurumo kwa kuibua vipaji. Bango la nje lilichapwa upya: sura ya Ngurumo, kubwa kuliko ya zamani, na chini yake, "pamoja na mwenzake." Mwisho akatangaza kwamba limeagizwa sanduku jipya, kwa kuwa la zamani limeanza kuokota sauti za feni.

Siku ya kulifunga, Ngurumo aliitwa kulijaribu. Peke yake. Wifi aliingia bila kuitwa, akavuta kiti chake, akakaa, bangili zikalia. Fundi aliweka kidole kwenye kitufe.

"Moja, mbili," alisema Ngurumo.

"Tatu," alisema wifi.

Taa zilipanda hadi mstari uleule. Fundi akafunga kipimo hapo.